Suzi wako kazaa

Neema shosti,

Za Mwanza? Mguu wa mama vipi? Huku baridi la Arusha mwezi huu wa saba usiseme, ila sikuandikii habari za baridi. Wewe uliniachia mbwa wiki tatu, hukunambia ana mimba!! Mi nadhani ananenepa kwa ugali wangu na dagaa, mpaka Baba Jose kamuangalia chuchu akacheka weee.

Nkampigia dokta wa mifugo, akasema mbwa hubeba siku kama 63, sasa mi najua alipandwa lini? Basi akanambia nimpime joto asubuhi na jioni, kawaida yake ni 38 na kitu, likishuka kwenye 37 hivi jua anazaa ndani ya siku moja. Na kipimajoto hakiendi mdomoni, ujue. Siku ya kwanza Suzi aligeuka akaniangalia kama nimemvunjia heshima, na ni kweli nilikuwa nimemvunjia.

Jumanne ikasoma 36.9, chakula kakataa. Boksi la tivii nililomtandikia mashuka kalidharau, kaenda kuchimbachimba kapu la nguo safi, juu ya ile khanga ya harusi ya Zuhura, na hapo hapo akazalia. Saa nane usiku, wa kwanza katoka na mfuko wake, mama kaulamba ukapasuka, kitoto kikalia. Nusu saa, wa pili. Wa tatu sasa, Neema. Katoka, Suzi kachoka hamtazami hata, mtoto kimya ndani ya mfuko, nkaupasua kwa vidole nkamfuta pua na mdomo nkamsugua na taulo mpaka mkono ukaniuma, nalia huku namwita jina ambalo hana, mara akapiga chafya. Chafya! Kitovu nkafunga na uzi nliouchemsha, nkakata, nkapaka ayodini, mikono inatetemeka kama nimeiba.

Wako watano. Makondo ya nyuma nimehesabu matano, maana likibaki ndani ni balaa, mawili kayala mbele yangu na mimi sikula siku hiyo.

Ila huyo wa tatu ananinyima usingizi. Nawapima kwenye mzani wa unga, wenzake wanaongezeka kila siku, yeye jana gramu 210 leo 212. Wenzake wanamsukuma, so kila baada ya masaa mawili naamka namuweka kwenye chuchu za nyuma zenye maziwa mengi, na chupa ya maji moto nimeifunga kitambaa maana hawajui kujipasha joto wenyewe. Mama Nuru kasema nimechanganyikiwa, na mlangoni kwangu hakanyagi tena.

Hela ya dokta utanitumia lini? Baba yao ni yule mweusi wa kule gereji au? Zuhura nimwambieje kuhusu khanga? Na huyo wa tatu, ukija unawachukua wote au naweza kubaki naye?

Wako,
Eliza