Pua yangu na sheria

Nairobi, Julai

Kwako Athmani,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mafua tu. Baridi ya huku mwezi huu unaijua. Juzi napita Tom Mboya pua inachuruzika, leso nimeisahau kwenye koti jingine. Nikainamia mtaro nikafanya ile ya kidole gumba uliyonifundisha Likoni. Mama muuza njugu akanitolea macho: "Wee, utashikwa!"

Nikacheka. Lakini karani wa wakili hawezi kulala na swali, nikaenda kupekua. Kumbe kanuni za kero za jiji, za 2007, zilikataza kutema mate njiani na kupenga kamasi bila kitambaa. Baraza lililozitunga lilizikwa 2013 kaunti zilipoanza, ila mama njugu bado anazihofia.

Basi nikanogewa. Sheria ya Uchawi ni ya 1925, na hadi leo haisemi uchawi ni nini. Wakati huohuo nguzo za taa mjini zimejaa vibandiko: mganga kutoka Tanga, anarudisha mpenzi, anashinda kesi, namba ya simu hii hapa! Tena sheria hiyo inambana hata anayemwita mwenzake mchawi. Shangazi yako, aliyemwita jirani mchawi yale maembe yalipopukutika, ashukuru hakuna aliyemshtaki.

Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu, ya 1930, kinagusa mambo ya kuombaomba na kamari za barabarani. Kosa la kwanza ni faini isiyozidi shilingi 100, au mwezi mmoja jela, au vyote viwili. Mia moja, Athmani! Chapati mbili na maharagwe. Shilingi imechakaa, lakini mwezi wa jela una siku zilezile, na asiye na hiyo mia ndiye anayezihesabu.

Kifungu cha 226 kilinikata kicheko. Mtu ajaribu kujiua, aokolewe, kisha apandishwe kizimbani kama mwizi. Mahakama Kuu ilisema kinakiuka katiba Januari 2025 tu, baada ya miaka karibu 95. Nilifunga kabrasha nikaenda kunywa chai.

Haya, Agosti nitakungoja stesheni ya Syokimau. Mama mpe salamu, na uniletee zile leso zangu mbili nilizosahau kwenu.

Wako,
Kamau