Bei ya hisa New York haimsaidii mnunuzi wa simu Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie jambo linalonikera kila kampuni kubwa ya simu inapozindua toleo jipya. Siku inayofuata, kurasa za biashara za magazeti yetu hubeba habari ya namna moja: simu imetambulishwa Marekani au Korea Kusini, wawekezaji wamefurahi au wamenuna, hisa zimepanda au zimeshuka kwa asilimia kadhaa, na pembeni pamewekwa picha ya foleni ya wanunuzi mbele ya duka la London. Sina shaka na ukweli wa habari hizo. Tatizo langu ni kwamba msomaji wa Dar es Salaam hupewa bei ya hisa kana kwamba ni hukumu juu ya simu yenyewe, na foleni ya London kana kwamba ndiyo sauti ya watumiaji wote, ilhali mambo hayo mawili hayajibu hata swali moja kati ya yale ninayoulizwa dukani kila siku.

Nauza simu Kariakoo, katika Mtaa wa Aggrey, na madhara ya habari za namna hiyo nayaona mezani kwangu. Mama mmoja aliyekuwa akidunduliza fedha ili amnunulie binti yake simu ya kwenda nayo chuoni aliahirisha ununuzi, akaniambia kwa uhakika kabisa, "Kaka, ngoja kwanza, nimesikia hizi simu zimeporomoka huko kwao." Zilizoporomoka zilikuwa hisa za kampuni. Simu yenyewe haikupungua hata shilingi, na aliporudi baada ya muda alikuta mzigo mpya umeingia kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu dola ilikuwa imepanda. Mama huyo si mjinga. Alisoma kilichoandikwa, na hakuna mahali palipomweleza kwamba bei ya hisa na bei ya simu ni vitu viwili tofauti.

Mwekezaji anaponunua hisa za kampuni ya simu, ananunua faida anayoitarajia kesho. Miezi mingi kabla ya uzinduzi, tetesi za simu mpya huwa zimekwisha kuenea, wachambuzi wamekwisha kukadiria mauzo, na matumaini yote hayo yamekwisha kuingia katika bei ya hisa. Kwa hiyo siku ya uzinduzi soko hupima zaidi umbali uliopo kati ya kilichotarajiwa na kilichotangazwa. Ndiyo maana mambo yanayopingana huweza kuleta matokeo yaleyale. Septemba 2007 Apple ilipunguza bei ya iPhone ya kwanza kutoka dola 599 hadi dola 399, miezi michache tu baada ya kuanza kuiuza, na hisa zake zikashuka siku hiyo, kwa kuwa wawekezaji walihofia kwamba mauzo hayaendi vizuri. Septemba 2013 kampuni hiyohiyo ilitambulisha iPhone 5c, ambayo wengi walikuwa wameitarajia iwe simu nafuu ya kupenya masoko kama China. Bei ilipotajwa kuwa dola 549 bila mkataba wa kampuni ya mtandao, hisa zilishuka tena, safari hiyo kwa sababu simu ilikuwa ghali mno. Bei ikishuka hisa zinashuka, bei ikiwa juu hisa zinashuka. Mnunuzi wa kawaida akiyafuata mawimbi hayo kama mwongozo wa manunuzi atapotea.

Hata kwa wawekezaji wenyewe siku moja ni muda mfupi mno. Hisa za Apple zilishuka Septemba 9, 2025, siku iPhone 17 na iPhone Air zilipotambulishwa, lakini kabla ya Oktoba kwisha thamani ya kampuni hiyo ilikuwa imegusa dola trilioni 4. Yapo pia matukio ambayo soko liliona mapema, na ni haki niyataje. BlackBerry ilipozindua simu zake za mfumo mpya Januari 30, 2013, hisa zake zilianguka siku hiyohiyo, na ilipofika Septemba kampuni ilitangaza hasara ya karibu dola bilioni 1 iliyotokana kwa sehemu kubwa na simu za Z10, mojawapo ya hizo mpya, zilizododa. Sisemi, basi, kwamba wawekezaji hawana macho. Nasema wanaangalia kitu kingine.

Mfano ninaotaka kila mhariri wa biashara aukumbuke ni ule wa Samsung Galaxy Note 7. Simu hiyo ilipoingia sokoni Agosti 2016, ilisifiwa sana na hisa za Samsung zilifikia kiwango cha juu kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Muda mfupi baadaye betri zilianza kuwaka moto mikononi na vitandani mwa watu. Septemba kampuni ilianza kuwataka wateja wazirudishe simu milioni 2.5, na simu za kubadilishia nazo zikawaka. Oktoba 11 uzalishaji ukasitishwa kabisa, na siku hiyo hisa zikaanguka kwa asilimia 8. Aliyegundua kasoro hakuwa mchambuzi wa soko wala mwandishi aliyealikwa ukumbini. Alikuwa mtumiaji, baada ya kulala na simu ikiwa kwenye chaji. Kama gazeti lilifunga habari ya Note 7 siku ya uzinduzi, lilimwachia msomaji wake picha iliyo kinyume kabisa cha ukweli.

Sasa nije kwa watumiaji wa kwetu, ambao sauti yao naikosa zaidi. Hapa Dar es Salaam hakuna anayekesha nje ya duka akisubiri toleo jipya. Mteja hutoa hukumu yake polepole, kwa kumuuliza jirani, kwa kumuuliza fundi, na kwa kuangalia ni simu gani inadumu na chaji tangu alfajiri hadi usiku. Kwa hukumu hiyo ya kimyakimya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, yenye chapa za Tecno, Infinix na itel, ilijenga biashara kubwa barani Afrika. Iliwapa watu nafasi ya laini mbili, kwa kuwa mteja wetu ana mtandao mmoja wa bando na mwingine wa kupokelea pesa. Iliwapa betri kubwa kwa kuwa umeme hukatika. Na iliirekebisha kamera ili sura yenye ngozi nyeusi isitoke kama kivuli. Kampuni hiyo ilipoingia katika soko la hisa la Shanghai Septemba 30, 2019 na hisa zake kupanda siku hiyo, wawekezaji walikuwa wanaithibitisha kwa fedha hukumu ambayo wanunuzi wa Kariakoo, Lagos na Addis Ababa walikuwa wamekwisha kuitoa kwa miaka mingi. Nani aliiandika hukumu hiyo ilipokuwa ingali mpya?

Yapo maswali ambayo ningependa kuyaona yakiulizwa katika kila habari ya simu mpya. La kwanza ni muda wa masasisho, yaani miaka ambayo kampuni itaendelea kuipa simu matoleo mapya ya programu yake. Google iliahidi miaka 7 kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 mwanzoni mwa 2024, lakini simu nyingi za bei ya chini, ambazo ndizo zinazobebwa na wengi hapa mjini, hazina ahadi ya namna hiyo. Jambo hili si la wataalamu peke yao. Mei 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone 5s, 6 na 6 Plus, ambazo programu zake zilikuwa zimepitwa na wakati, na walioumia ni watu walionunua simu hizo zikiwa zimetumika, wakiamini kwamba maadamu kioo ni kizima na chaji inaingia, simu ni nzima. Kwa mfanyabiashara anayepokea oda zote kwa WhatsApp, siku hiyo simu yake ilikufa.

La pili ni laini. Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, simu za aina hiyo zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la kuingizia laini ya kawaida. Hutumia laini ya kidijitali iliyomo ndani ya simu, na iPhone Air imefanywa hivyo duniani kote. Kijana mmoja aliletewa zawadi ya simu kutoka Marekani na ndugu yake. Alikuja dukani akiwa na pini ya kufungulia trei ya laini, akaigeuzageuza simu ile ubavu kwa ubavu, akapapasa kingo zote kwa kidole cha gumba, kisha akaniuliza kama ameuziwa bandia. Haikuwa bandia. Ilibidi aende kwenye ofisi za mtandao wake kuulizia huduma hiyo, na laini ya pili, ya mtandao mwingine, nayo ikahitaji safari yake. Habari ya uzinduzi ambayo ingetumia sentensi mbili kueleza jambo hilo ingemfaa kuliko aya nzima juu ya hisia za wawekezaji wa New York.

La tatu, na kwangu ndilo zito, ni bei anayoilipa mtu hapa, pamoja na kodi na namna ya kulipa. Mwaka 2021 Serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye simu janja, na mwaka 2022 msamaha huo ukafutwa. Nikiwa muuzaji naweza kueleza nilichokiona: mzigo ulionunuliwa kabla ya msamaha ulikuwa bado rafuni, wauzaji wa jumla walipanga bei kwa kutazama dola, na mteja wa mwisho hakuuona unafuu kwa namna ambayo angeweza kuuonyesha kwa kidole. Hapo ndipo palihitaji mwandishi wa kwenda duka hadi duka akiwa na daftari, mwezi kwa mwezi, amwambie msomaji ile asilimia 18 ilikwenda mfukoni mwa nani.

Kuna pia simu za mkopo, ambazo zimebadilisha biashara yetu kuliko uzinduzi wowote wa ng'ambo. Mtu hutoa kianzio, kisha hulipa kidogokidogo kila siku, na akichelewa simu hujifunga yenyewe. Nawajua madereva wa bodaboda ambao simu imefungwa asubuhi, wakakosa abiria wa kuwaita, wakakosa hela ya kuilipia ili ifunguke. Simpingi mtu anayekopesha, kwa sababu wengi wasingekuwa na simu janja bila mikopo hiyo. Ila tangazo humwonyesha mteja kiasi cha kila siku kwa maandishi makubwa, na jumla ya fedha atakazokuwa amelipa mwishoni humbidi aipigie hesabu mwenyewe. Magazeti yakiiweka jumla hiyo kando ya bei ya taslimu yatakuwa yamefanya kazi kubwa.

Na kama nia ni kuwaandikia wawekezaji, tunao wa kwetu. Sheria ilipozitaka kampuni za mitandao ya simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja, na Agosti 2017 ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Walionunua ni pamoja na watumishi wa umma, wastaafu na wafanyabiashara wadogo. Mwenye hisa hizo ana sababu ya kufuatilia simu mpya, kwa njia yake: kila mtu anayeacha kitochi na kushika simu janja ya bei nafuu huanza kununua bando, na bando ni mapato ya kampuni. Kwake, kuingia sokoni kwa simu ya 4G ambayo mchuuzi wa Buguruni anaweza kuimudu ni habari kubwa kuliko kamera mpya ya simu ya dola 999, na sioni ikiandikwa hivyo.

Ombi langu kwenu ni mambo mawili. Mnapochapisha habari ya uzinduzi, wekeni bei ya madukani Dar es Salaam siku simu inapofika, muda wa masasisho, aina ya laini inayotumika, mahali penye waranti inayokubalika hapa nchini na bei ya kubadilisha kioo, kwa sababu kioo ndicho kinachovunjika kwanza. Kisha msiifunge habari siku hiyo. Baada ya miezi sita mtumeni mwandishi Kariakoo na Makumbusho awaulize walioinunua simu ile na wanaoitengeneza. Akija Aggrey, mafundi wa vioo huwa wamekwisha kufungua meza zao saa tatu asubuhi, na hawana kawaida ya kuficha ni simu gani inarudi kwao mara kwa mara.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfanyabiashara wa simu,
Kariakoo, Dar es Salaam.