Mdudu anayeruka kwenye simsim si kidukari

Mhariri,

Masika haya nilipanda ekari moja ya simsim hapa Hindi, Lamu. Siku ya nane tangu ichomoze, majani yake yalikuwa yametobolewa vitundu vya duara, kama kanga iliyorukiwa na cheche za moto. Nilichukua miche miwili hadi kwenye duka la dawa za kilimo. Kijana muuzaji aliitupia jicho akasema, “Hivi ni vidukari, mzee,” akanipa chupa. Nikapuliza. Baada ya siku tatu karibu shamba lote lilikuwa vijiti vitupu.

Simlaumu peke yake, kwani hata mimi sikuwa nimechungulia. Kidukari hufyonza utomvu. Jani hujikunja na kunata, wala halitoboki. Tena harukiruki kama panzi. Aliyenitia hasara nilimjua siku nilipochuchumaa kwenye tuta alfajiri, wadudu wangali wazito kwa umande, nikamfunika mmoja kwa gilasi. Hakuizidi punje yenyewe ya simsim. Mgongo mgumu unang'aa, na mapaja ya nyuma yamenenepa hadi ungedhani ameyaazima kwa mdudu mwingine. Nilipogonga gilasi alitoweka, nikamwona upande wa pili. Ndani ya paja lile mna springi ndogo ngumu ambayo misuli huikaza kisha huiachia ghafla. Maulik, mtaalamu wa wadudu, aliieleza mwaka 1929. Huyu ni mbawakawa, jamaa ya wale wala majani. Na kiroboto wanayefanana kwa kuruka hawana undugu wa karibu.

Mbawakawa hawa warukao wako maelfu ya aina, na nyingi zina mmea wao. Jamii ya Podagrica hufuata bamia na pamba. Phyllotreta huandama kabichi na ndugu zake, Epitrix mabiringani na viazi. Kusini mwa Tanzania, Lindi na Mtwara, wakulima wa ufuta, ndiyo simsim yetu, wanasumbuliwa na Alocypha bimaculata. Wapo pia wasiogusa shamba la mtu: huko Namibia na Botswana, Wasan huchimbua mabuu ya Diamphidia chini ya vichaka na kupaka sumu yake kwenye mishale. Kwa hiyo muuzaji angeniuliza mambo mawili tu, wako kwenye mmea gani na je, wanaruka ukiwagusa, angekuwa karibu na jibu.

Kinachoniuma zaidi ni cha baadaye. Miche iliyosalia ilikua, ikatoa maua, nikashauriwa nipulize tena, nikapuliza. Haikuwa na haja. Mdudu huyu humaliza mche ukiwa na majani machache. Ukishanawiri, huvumilia matundu. Dawa ile ya saa nne asubuhi iliwakuta nyuki kwenye maua. Niliwaokota chini ya mashina, miguu imejaa chavua.

Mayai ya mbawakawa hawa hutagwa udongoni na mabuu hula mizizi, kwa hiyo kurudisha zao lilelile palepale ni kuwaandalia karamu. Msimu ujao ekari ile napanda mahindi.

Naomba maafisa wa kilimo wapite mashambani majuma mawili ya kwanza baada ya kuota, si wakati wa kuvuna. Nawe Mhariri, kabla ya vuli, tuchapishie picha mbili kubwa: jani la vidukari na jani la mbawakawa huyu, kando kwa kando, tuzibandike kwenye milango ya maduka.

Mkulima wa simsim,
Hindi, Lamu