Blues uliwasubiri, sisi ukashindwa

Mdogo wangu, meseji zangu hujibu, ila kila nikiandika kitu huku naambiwa umeshapita kusoma. Haya soma na hii.

Ule msimu wa 2018/19 unaujua kuliko mimi. Tarehe 3 Januari St. Louis Blues, timu yako ya hoki, walikuwa wa mwisho ligi nzima, timu 31 mdogo wangu, kocha kashafukuzwa tangu Novemba, Craig Berube kaachiwa timu ashikilie kwanza, na wewe jezi huvui. Ukanikalisha kwenye kochi ukaanza kunihubiria yule golikipa Binnington, mechi yake ya kwanza kuanza tarehe 7 kule Philadelphia wakashinda 3-0, ukasema bro huyu ndiye. Nikakuona chizi. Mimi mtu wa Yanga hoki ya barafuni naijulia wapi, hicho kidude cheusi chenyewe macho yangu hayakioni kinavyopita! Ila ulinifundisha bila kuchoka, hilo silikatai, na walipofika kushinda mechi 11 mfululizo mimi ndo nikawa nakupigia simu kuuliza wanacheza lini.

Halafu Mei, kwenye mechi za mtoano, San Jose wakatufunga lile goli la mkono. Meier wao kasukuma kwa kiganja kabisa, marefa wanne hakuna aliyeona, Karlsson akamalizia, mechi imeisha dakika za nyongeza. Nilitukana siku nzima. Wewe ukasema achana na refa, mechi zipo bado, na kweli tukawapiga tatu zilizofuata wakaenda kwao. Lile ulilimeza. Neno langu moja ndo limekukaa kooni mpaka leo?

Tuseme basi. Juni 12, mechi ya saba ya fainali, Boston, na sisi tuna msiba wa mjomba. Watu wamejaa sebuleni, michango ya kusafirisha mwili bado haijafika hata nusu, mzee anaongoza sala, wewe upo mlangoni jikoni, simu umeiegesha kwenye hotpoti la pilau, spika ya sikioni umeificha na kofia. Nilikuona nikanyamaza. Zimebaki sekunde 8 kipindi cha kwanza kiishe, Marchand wa Boston katoka kubadilishwa, Pietrangelo wetu akabaki peke yake akafunga la pili, nawe ukapiga ukelele ule. Kwenye sala! Mke wa mjomba alishtuka mpaka daftari la michango likamdondoka, akawa anaokota karatasi chini ya meza na khanga yake ya msiba huku watoto wanacheka.

Nikakwambia toka. Mbele ya watu, sawa. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Mimi ndo mkubwa, hela za watu zipo kwangu, wazee wote wamenigeukia mimi sio wewe. Ningecheka ningeambiwa tumekuja kula pilau. Na sikukwambia usirudi, nilisema toka, ukavute hewa, umalize mpira wako urudi ule. Walimaliza 4-1, kombe la kwanza tangu timu ianze 1967, mji mzima wa St. Louis unapiga honi, wewe hukurudi. Jumamosi tunapeleka mwili airport njia za mjini zimefungwa kwa ajili ya paredi ya kombe, nafungua status nakukuta kwenye paredi Market Street na jezi ya O'Reilly, mchezaji wenu.

Timu ya mwisho uliisubiri kuanzia Januari mpaka Juni. Kwetu hata arobaini hukukaa.

Mtu akikufokea kwenye msiba unanuna siku mbili, ya tatu unarudi kusaidia kukunja viti, ndo tulivyolelewa, na mimi viti nilikunja peke yangu mgongo ukaniuma wiki nzima, watu wanadhani nilifurahia kukutoa. Sikufurahia. Goli lenyewe nilikuja kuliangalia usiku gizani, na lilikuwa goli zuri bwana, ule mguso wa upande wa nyuma wa fimbo...

Anyway. Binti yangu anataka kujifunza kuteleza barafuni, mimi hata kusimama siwezi. Jumapili tupo nyumbani kuanzia saa tisa. Na usimtume mtu aje kuulizia kama bado nimekasirika, njoo uulize mwenyewe.