Malalamiko kuhusu leseni ya Windows iliyouzwa pamoja na kompyuta mpakato

Kinondoni, Dar es Salaam
9 Machi 2026

Meneja wa Mauzo na Huduma kwa Wateja,
Duka la Kompyuta,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: "WINDOWS 11 PRO ORIGINAL", ANKARA YA TAREHE 2 SEPTEMBA 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ankara yenu ya tarehe hiyo ina mistari miwili: kompyuta mpakato mpya moja, na chini yake "Windows 11 Pro original, pamoja na kupiga" (yaani kusakinisha), Sh 85,000. Kompyuta haina tatizo. Tunalalamikia mstari wa pili. Kilichowekwa ndani si Pro, wala si leseni ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuuziwa. Tena mashine hiyo ilitoka kiwandani na leseni yake halali, ambayo fundi wenu aliifunika kwa hiki alichokiweka.

Tangu tarehe 1 Machi pembe ya chini ya skrini ina maandishi ya kudai Windows iamilishwe (activate), na ukurasa wa uamilishaji unatoa kosa 0xC004F074. Tulipoulizia dukani tulijibiwa tulete mashine "iwashwe tena", yaani iamilishwe upya, kwa Sh 10,000. Hatutaki iwashwe tena.

Haya yote mnaweza kuyahakiki wenyewe kwa dakika tano. Fungueni Terminal kwa haki za msimamizi, andikeni slmgr /dlv, amri ya Windows ya kuonyesha hali ya leseni, kisha subirini dirisha litokee. Mstari wa jina unasema Enterprise, toleo la mashirika, si Pro mliyoiandika kwenye ankara. Mstari wa maelezo unasema VOLUME_KMSCLIENT, na aina ya ufunguo ni Volume:GVLK. Herufi tano za mwisho za ufunguo ni 2YT43. Ufunguo huo si siri wala si bidhaa. Microsoft yenyewe imeuchapisha kwenye tovuti yake ili mafundi wa mashirika wautumie kuielekeza kompyuta kwenye seva yao ya uamilishaji, na peke yake hauamilishi chochote. Kadi mliyotupa ndani ya bahasha ina ufunguo mwingine kabisa, unaoishia na herufi nyingine, maana yake haukuwahi kuingizwa kwenye mashine hii. Tuliujaribu kwenye Pro safi iliyowekwa kwenye diski nyingine ukatoa 0xC004C008, yaani umeshatumika kupita idadi inayoruhusiwa. Wangapi wengine wana kadi hiyo hiyo, ninyi ndio mnaojua.

Sasa kwa nini ilifanya kazi miezi sita halafu ikagoma? KMS, yaani uamilishaji kupitia seva, imetengenezwa kwa ajili ya mashirika, vyuo na ofisi. Taasisi inaweka seva yake ndani ya mtandao wake, na seva hiyo haianzi kuamilisha Windows za mezani mpaka kompyuta zilizoiomba zifike 25. Uamilishaji wake unadumu siku 180, na kompyuta hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7. Nyumbani hakuna seva ya namna hiyo. Fundi wenu aliielekeza mashine kwenye seva ya mtu asiyejulikana huko intaneti, kupitia poti 1688; anwani yake bado inasomeka kwenye dirisha lile lile la slmgr. Seva hiyo ilijibu siku ile dukani, haikujibu tena. Hesabuni siku 180 kuanzia tarehe 2 Septemba, mtafika tarehe 1 Machi. Ndiyo maana "kuiwasha tena" ni kuanza kuhesabu upya tu, na mteja analipa Sh 10,000 kila inapokatika.

Neno "activated" kwenye skrini halimaanishi kwamba leseni ni halali. Ukurasa wa mipangilio husema pia imeamilishwa kwa njia gani. Mteja aliyenunua kihalali husoma kwamba Windows imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali. Hapa, kabla haijakatika, ilikuwa inasomeka kwamba imeamilishwa na huduma ya taasisi yenu. Taasisi ipi, kwenye meza ya sebuleni? Hata taasisi yenyewe, leseni za Windows za mkupuo huuziwa kama nyongeza juu ya leseni ambayo kompyuta tayari inayo. Haziwezi kugawanywa moja moja na kuuzwa Kariakoo.

Lililotusumbua zaidi ni usalama. Kwenye orodha ya vitu ambavyo Microsoft Defender, kinga ya virusi ya Windows, imeambiwa isivikague tumekuta folda moja iliyofichwa ndani ya ProgramData, na ndani yake programu ya kuchakachua uamilishaji. Kwenye ratiba ya kazi kuna kazi inayoiendesha kila mashine inapowaka, kwa mamlaka ya SYSTEM, ambayo ni makubwa kuliko ya mwenye kompyuta. Hatusemi kwamba kuna kilichoibiwa. Tunasema faili lolote litakaloingia kwenye folda ile halitakaguliwa, na kompyuta hii hutumika kwa miamala ya benki. Defender ikiachwa ifanye kazi yake, programu za aina hii huzitaja kama HackTool:Win32/AutoKMS. Fundi wenu alilijua hilo, ndiyo maana aliifumba macho kwanza.

Tuje kwenye leseni iliyofunikwa. Tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wakubwa huandika ufunguo wa Windows ndani ya chipu ya mothabodi, kwenye jedwali liitwalo MSDM. Ukifuta diski haufutiki. Amri ya kuusoma kwenye PowerShell ni hii:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Kwenye mashine hii amri inarudisha ufunguo kamili wa herufi 25. Ukiongeza neno Description mwishoni mwa jina lile, jibu linakuwa na neno Core, yaani Home, na alama OEM:DM, yaani leseni ya mtengenezaji wa kompyuta. Kwa hiyo boksi lilipofunguliwa dukani, Windows 11 Home halali ilikuwemo na ilikuwa imeshalipiwa ndani ya bei ya kompyuta. Ingekuwa kompyuta ya FreeDOS, isiyo na leseni, angalau mngekuwa na la kusema. Hapa mteja aliyekuja na Windows yake ametozwa Sh 85,000 ili anyang'anywe.

Bei nayo ilitosha kuwashtua ninyi wenyewe. Microsoft nchini Marekani huuza Windows 11 Home kwa dola 139 na Pro kwa dola 199.99. Mwenye Home halali akitaka Pro, huongeza dola 99 kupitia duka la Microsoft lililomo ndani ya Windows yenyewe. Sh 85,000 haifiki hata dola 40. Msambazaji anayewauzia ninyi kwa bei ya chini ya hapo anauza kitu kingine, na mnapaswa kumuuliza ni kitu gani.

Tunachotaka ni hiki. Kwanza, mrudishe Sh 85,000 zote, si "gharama za ufunguo" peke yake, kwa sababu hata kazi ya kupiga ilikuwa ya hasara. Pili, mrudishe Windows 11 Home ya kiwandani bila malipo, na kazi ifanyike hivi.

Data ihamishwe kwanza kwenye diski ya nje mbele yetu: nyaraka na picha tu, pasiwe na programu hata moja. Faili la kusakinishia lipakuliwe kutoka tovuti ya Microsoft kwa zana yao ya bure na kuandikwa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi. Ile flashi ya dukani inayopita mkono kwa mkono isiguse mashine hii. Wakati wa kusakinisha, sehemu zote za diski zifutwe. Msituambie mtaibadilisha Enterprise kuwa Home bila kufuta. Njia hiyo haipo, na hata ingekuwepo tusingeikubali, kwa kuwa hakuna anayeweza kuapa kwamba ameondoa kila kilichoguswa na programu ile. Ufunguo usiingizwe popote, kwani kisakinishi kitausoma chenyewe kutoka MSDM na kuchagua Home bila kuuliza. Kikiuliza toleo, au kikileta Pro moja kwa moja, basi flashi ina faili la ei.cfg, la kupanga toleo, lililowekwa na mtu, na isitumike.

Home ya Windows 11 hudai intaneti kabla ya kumaliza usakinishaji, na mara nyingi hapo ndipo mafundi hukwama, kwa sababu draiva ya Wi-Fi haijaingia. Chomekeni simu kwa waya wa USB na kugawa intaneti kutoka humo, au wekeni draiva ya mtengenezaji kwenye flashi ya pili. Ikishaunganishwa itajiamilisha yenyewe. Akaunti ya Microsoft itakayotumika ni ya mnunuzi, si ya duka. Hili tunalisisitiza kwa sababu ufunguo wa kufungulia diski iliyofungwa kwa usimbaji huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Akaunti ikiwa ya fundi, siku mashine itakapoudai mteja atakuwa amefungiwa nje ya faili zake.

Kazi ikikamilika, slmgr /dlv ionyeshe OEM_DM, na slmgr /xpr iseme mashine imeamilishwa kwa kudumu. Tutapiga picha ya madirisha yote mawili kabla ya kusaini kupokea.

Tatu, mtupe maelezo ya maandishi ya mahali mlikopata kadi ile.

Tunawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Baada ya hapo nakala yake, pamoja na ankara, kadi na picha za skrini, itapelekwa Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kwa kumpotosha mlaji juu ya bidhaa, na COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mashine ipo nyumbani, imezimwa na haijaguswa tangu picha zilipopigwa. Tutaileta siku mtakayotupangia, saa za kazi, kwa sharti kwamba haitalala dukani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wanunuzi
(jina, sahihi na namba ya ankara vipo kwenye nakala iliyowasilishwa kwa mkono)