Aliyemaliza umri wake juu ya nakala za kale

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameuliza mtu anayemaliza umri wake kwenye mashairi ya Kijerumani ya miaka 800 iliyopita anamfaa nani. Naomba nafasi nimjibu. Nilipelekwa Leipzig, Ujerumani, ningali kijana, na huko ndiko nilikoijua kazi ya Karl Lachmann, mtaalamu wa nakala za mashairi hayo.

Lachmann alizaliwa Braunschweig mwaka 1793. Alisoma Leipzig, kisha Göttingen, akianzia na Kilatini na Kigiriki. Alifundisha Königsberg, halafu Berlin tangu 1825 mpaka alipofariki 1851. Wasifu wake ndio huo. Utamu uko kwenye kazi yenyewe.

Washairi wa zama zile kama Wolfram von Eschenbach hawakutuachia hati za mikono yao. Tulichorithi ni nakala za nakala, na kila mnakili kaongeza makosa yake. Lachmann alizilinganisha neno kwa neno. Mimi nimesahihisha mitihani miaka 31, kwa hiyo hoja yake iliniingia mara moja: watoto wawili wakipata jibu sahihi, hujui kitu, wakikosea kosa lile lile la ajabu, unajua wametazamiana. Nakala nazo hivyo hivyo: kosa zinaloshirikiana ndilo linalotaja mama yao, yaani nakala moja zilikotoka. Njia hiyo hakuizua peke yake, ila jina lake ndilo lililobaki nayo.

Mwaka 1833 alichapisha kazi za Wolfram. Utenzi wake wa Parzival, ulioitwa kwa jina la shujaa wake, peke yake una mistari karibu 25,000. Aliukata mafungu ya mistari 30, akayatia namba, nazo zinatumika mpaka leo. Nikisema fungu la 747, mstari wa 26, mtu wa Berlin na mimi wa Unguja tunafika pahali pamoja. Na pahali penyewe! Parzival amepigana na mgeni asiyemjua, sasa wamekaa wanazungumza. Parzival ana ndugu wa baba mmoja anayemsikia tu, mtoto wa malkia mweusi Belakane, na mgeni anamuuliza huyo ndugu yukoje. Parzival anajibu: kama ngozi ya kitabu iliyoandikwa, nyeusi hapa, nyeupe pale. Mgeni anasema, ndiye mimi. Niliposoma hapo niliweka kalamu chini. Nimelelewa katika nyumba yenye vitabu vya hati za Kiarabu, wino mweusi juu ya karatasi iliyochakaa. Sikutarajia kuikuta sura hiyo kwa Mjerumani wa zama zile.

Lachmann alikosea pia. Katika Nibelungenlied, utenzi mwingine wa kale wa Kijerumani, aliitegemea hati iitwayo A, na baadaye wataalamu wengi wakaona ile iitwayo B, iliyoko St. Gallen, Uswisi, ni bora zaidi. Dai lake kwamba utenzi ule umeungwa kwa nyimbo 20 halisimami tena. Lakini waliomkosoa waliweza kwa sababu aliandika wazi ameshika hati ipi na ameacha ipi.

Marehemu shangazi yangu ameniachia daftari mbili za Utendi wa Mwana Kupona alizonakili mwenyewe, moja ya usichana wake na moja ya utu uzima. Kuna beti ambazo hazifanani. Ipi aliipokea kwa nani, sikumuuliza alipokuwa hai, na hilo linaniuma. Kwa hiyo ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri: mkichapa beti za kale katika ukurasa wa ushairi, ongezeni mstari mmoja chini yake useme zimetoka katika nakala gani na iko kwa nani.

Mwalimu mstaafu,
Unguja