Viti vya ndege Mafia viwe pia vya mgonjwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo juu ya usafiri wetu sisi watu wa Mafia. Nilikuwa mkunga hapa Kilindoni hadi nilipostaafu, na sehemu ya kazi inayonikosesha usingizi mpaka leo ni kuwasindikiza wajawazito wa rufaa kwenda Dar es Salaam.

Anayeijua njia hii haelezwi. Unapanda boti Kilindoni, unavuka hadi Nyamisati, na kule chombo kinafuata maji. Yakikupwa, mnangoja mwenye uchungu na asiye na uchungu. Ukishuka unatafuta gari la kukupeleka Bungu, unaingia Barabara ya Kilwa, halafu Mbagala na foleni yake. Wakati wa kusi niliwahi kuvuka na mama mwenye kifafa cha mimba. Chupa ya dripu niliifunga kwa upindo wa kanga kwenye nguzo ya turubai, mkono mmoja nimemshika asianguke, mwingine nimeshika tochi nihesabu matone, na mawimbi yanaturushia maji ya chumvi usoni. Nahodha nilimsihi aongeze mwendo. Akanijibu, "Dada, nikiongeza tutazama wote." Alikuwa anasema kweli. Mama alifika. Mtoto hakufika.

Siku ile ile, kwa ndege ndogo ya Caravan, tungefika Dar kwa nusu saa na ushei. Uwanja wetu uko hapo hapo mjini, mtu anaufikia kwa miguu akitokea sokoni. Una lami urefu wa kilometa 1.6, iliyowekwa kwa fedha za Marekani kupitia MCC, shirika la misaada la serikali yake, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Ndege zinakuja. Wanaozipanda ni watalii, hasa Oktoba hadi Machi wanapofuata papa potwe. Sina ugomvi na wageni hao, maana nauli zao ndizo zinazoileta ndege. Ila nauli hiyo mvuvi wa Jibondo au mkulima wa mnazi Kirongwe hawezi kuigusa, hata mkewe akiwa anatokwa damu.

Kivuko cha MV Kilindoni kimetupunguzia hofu, nashukuru kwa dhati. Lakini kivuko nacho kina ratiba, na damu haina ratiba.

Ninachoomba ni Serikali inunue viti vichache kwa mkataba wa mwaka mzima, kwa bei iliyokubaliwa, kwa ajili ya wagonjwa wa rufaa na wanaowasindikiza, na vikibaki wauziwe wakazi kwa nauli nafuu. Si jambo geni duniani. Norwei inalipia njia za ndege ndogo ili watu wa pembezoni wafike hospitali na sokoni. Marekani ina mpango wa namna hiyo tangu 1978. Kule Orkney, Scotland, ndege ya watu wanane inavuka kutoka Westray kwenda Papa Westray kwa dakika mbili tu, na wanaoipanda ni wakazi wa kawaida, wakiwemo walimu na wagonjwa.

Mkataba huo usisahau machela. Ndege hizi ni nyembamba. Abiria mwenyewe anapandishwa kwenye mizani pamoja na begi lake, na mgonjwa wa kulala haingii mpaka viti ving'olewe. Kuving'oa kunataka fundi na ruhusa. Mambo hayo yakubaliwe mapema kwa maandishi, yasije kujadiliwa wakati mgonjwa yuko juani.

Najua nitaambiwa ndege nazo huanguka. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, watu 19 kati ya 43 wakafariki, na waliotangulia kuwafikia ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Kwangu hiyo ni sababu ya kuvitunza viwanja vidogo, si ya kuviogopa. Kila uwanja ulio kando ya maji uwe na boti ya uokoaji iliyojazwa mafuta, watu waliofundishwa kufungua mlango wa ndege, na vipimo vya hali ya hewa ambavyo rubani anavipata kabla hajaruka. Baharini nako tumezika: meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011, Skagit Julai 2012. Hakuna aliyesema tuache vyombo vya majini, tulidai vikaguliwe.

Namwomba mbunge wetu alifikishe hili bungeni kabla bajeti haijapitishwa, na Halmashauri isingoje Dodoma. Tuanze hata na viti viwili kila siku ya ndege. Daktari wa zamu aandike jina la mgonjwa, apelekwe uwanjani, apande. Hesabu za malipo zifuate baadaye, ofisi kwa ofisi, mgonjwa akiwa tayari kitandani Dar.

Mkunga mstaafu,
Kilindoni, Mafia